Amana Ndani ya Tangi la Kioo



Wapo ndugu wanaofika nyumbani kwetu, wakaliona tangi la samaki wa bahari ukumbini, wakatuuliza maswali mawili. La kwanza: kumfungia kiumbe wa Mwenyezi Mungu ndani ya kioo, yafaa? La pili: fedha na muda unaotumika, si israfu? Yote mawili ni maswali ya haki, na wiki hii tumeona tuyajibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu la kusimama mlangoni halitoshi.

La kwanza lina jibu linalofahamika. Wanazuoni wengi wameegemea kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege wake mdogo, na Mtume (s.a.w.) akamtania juu yake bila kumkataza. Upande wa pili kipo kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ukiviweka visa hivi pamoja, utaona kwamba ruhusa ina sharti lake: mwenye kufungia ndiye mwenye kulisha. Sharti hilo ni jepesi kwa kuku. Kwa samaki wa bahari ni zito, hasa pale wanapozaliana.

Samaki wetu ni jozi ya wale wadogo wa matumbawe: mwili wa hudhurungi iliyoiva, mikanda miwili myeupe, mapezi ya rangi ya chungwa na mkia mweupe. Wataalamu huwaita Amphiprion allardi, na makazi yao ni pwani hii yetu, kutoka Kenya hadi Afrika Kusini. Baharini hukaa katikati ya mnyama laini anayefanana na ua, mwenye minyiri inayowawasha samaki wengine lakini haiwadhuru wao. Tuliwapata kwa mvuvi mwenye kibali wakiwa bado wadogo, mmoja amemzidi mwenzake kwa umbo. Tofauti hiyo ina maana. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Aliye mkubwa hugeuka jike, na akifa, dume lake hushika nafasi yake. Subhanallah. Kwa hiyo anayetaka jozi hana haja ya kubahatisha. Awaweke wadogo wawili pamoja, asubiri. Sisi tulisubiri miezi kumi na sita.

Subira yenyewe ilianza kabla ya samaki. Maji ya bahari yakiingizwa tangini hayawi makazi siku hiyo hiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoota juu ya mawe na mchanga ndio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Kisha kuna chumvi, gramu 35 hivi katika kila lita. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki pamoja nayo, hivyo hujaziwa maji yasiyo na chumvi. Kazi hiyo ya kila asubuhi amekabidhiwa binti yetu wa kwanza, mwenye miaka tisa.

Jike hutaga juu ya kigae tulichokiegemeza pembeni, mayai mia mbili au zaidi, yamebanana. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi ni ya baba. Huyapepea kwa mapezi ili yapate hewa, huyaondoa yaliyokufa yasiharibu mengine, na huushambulia hata mkono wa anayesafisha kioo. Baada ya wiki moja hadi siku kumi, kutegemea joto la maji, macho ya vifaranga huonekana yakimetameta kama fedha ndani ya yai. Hiyo ni dalili kwamba siku imekaribia, nao huanguliwa gizani. Baharini giza huwaficha wasiliwe. Nyumbani, kabla ya Magharibi tunakihamishia kigae katika tangi dogo, tunaweka mpira wa pampu ya hewa chini yake ushike kazi ya baba, kisha taa zinazimwa. Tukirudi kutoka Isha, maji huwa yamejaa vijiti vyenye uhai, kila kimoja milimita tatu au nne.

Kifaranga huyo hawezi kula chakula cha dukani, kwa kuwa mdomo wake ni mdogo mno. Hula rotifa, viumbe wadogo ambao kwa jicho ni kama vumbi, na rotifa nao hula mwani mdogo unaoyafanya maji kuwa ya kijani. Basi mwenye kulea samaki hawa hulea kwanza mwani, kisha rotifa, ndipo samaki. Chupa hizo zimepangwa dirishani jikoni, na msimamizi wake ni mama wa watoto. Husema ana ng'ombe wa kukamua wasioonekana. Baada ya wiki hivi vifaranga hupewa artemia walioanguliwa siku hiyo, na kadiri wiki ya pili inavyosonga, mikanda myeupe huanza kujitokeza.

Siku hizo za mwanzo ndizo za msiba. Umeme ukikatika na pampu ikisimama, hewa huwaishia. Tunayo pampu ndogo ya betri, na usiku wa namna hiyo tunapeana zamu ya kukesha. Kwa mazoea ya ukatibu wa kamati ya msikiti, kila jambo tunaliandika daftarini. Makundi mawili ya kwanza hakubaki hata mmoja. Kundi la tatu walibaki 11. La tano, 43.

Hapa ndipo penye uzito tuliousema. Jozi iliyotulia hutaga kila baada ya wiki mbili hivi, na hakuna nyumba kama yetu iwezayo kuwalea wote. Makundi mengine tunakiacha kigae mahali pake. Vifaranga huanguliwa usiku, na asubuhi hawapo. Wameliwa, au wamevutwa na chujio. Binti yetu aligundua hilo mwenyewe. Aliketi mbele ya kioo, akauliza: "Baba, wale wa jana tumewafanya nini?" Mama yake alimweleza kuwa hata baharini walio wengi huliwa kabla ya kukua, na ni kweli. Lakini mtoto hakuuliza habari za bahari. Aliuliza habari zetu.

Tulikaa kikao cha nyumba nzima. Yeye alitaka tuwalee wote. Tulimwonyesha daftari, tukamwonyesha na tangi: mia moja wakibanana ndani yake watakufa polepole kwa uchafu wao wenyewe na kwa kupigana, na hilo ni baya zaidi. Tuliafikiana kwamba kundi halilelewi mpaka ziwepo nyumba zilizoahidi kuwapokea na zenye matangi yaliyokwisha kukomaa. Tumepunguza pia vyakula vinono, na jike sasa hutaga kwa nadra zaidi. Wala hatuwaachii baharini waliokulia tangini, wasije wakapeleka maradhi. Binti hakuridhika kabisa, nasi hatukumlazimisha kuridhika.

Ama suala la israfu, maji tunayachota wenyewe, mwani hujizalia, na pampu hula umeme kidogo. Kinachotumika sana ni muda, nao una faida yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Martin Moe wa Florida, Marekani, alifaulu kulea samaki wa jamii hii kwa ajili ya soko. Hata hivyo, aina nyingi za samaki wa mapambo wa baharini hadi leo huchukuliwa miambani, na huko Ufilipino na Indonesia wapo waliotumia sumu ya sianidi kuwalewesha. Hapa mtaani, maji yakitoka wakati wa bamvua, watoto walikuwa wakirudi na samaki ndani ya chupa za maji, na kufika jioni wamekufa. Sasa watatu miongoni mwao wana samaki wa kundi letu la tano, na chupa zimepungua.

Basi msomaji mwenye kutamani tangi, ajiulize kwanza: umeme ukikatika saa nane za usiku, nani ataamka? Na wakizaliana, wataishi wapi? Akipata majibu, aanze na maji, awache samaki wakae baharini mpaka maji yake yawe tayari.

Wabillahi tawfiq.