Hesabu Watu Kwanza

Giakanja, Nyeri
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua imekubali, kahawa inachumwa, na shosho wako anauliza utakuja lini.

Nimelisoma swali lako. Chama cha ushirika kimekupa kazi ya kuchagua programu ya seva ya barua pepe. Mwenyekiti anataka ya kununua, wewe unataka programu huria kwa kuwa haina ada. Kabla hamjavutana zaidi, sikiliza yaliyonipata.

Ofisi yangu ya kwanza ilinunua leseni kwa hesabu ya masanduku ya barua. Ili kubana matumizi, makarani watatu wakapewa sanduku moja na nenosiri moja, lililoandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Siku barua ya kukubali bei ya mnunuzi ilipotoka bila idhini, hakuna aliyeweza kuonyesha nani aliyeiandika. Kijana mmoja alisimamishwa kazi, na mpaka leo siamini kuwa ni yeye.

Ofisi ya pili tuliweka programu huria za barua, Postfix na Dovecot, bila kulipia leseni hata shilingi. Kila karani akapata sanduku lake. Lakini seva niliijua mimi peke yangu. Nilipokuja nyumbani siku nne kwa mazishi ya guka wako, nenosiri la mfanyakazi mmoja likaibiwa. Niliporudi nikatazama foleni: zaidi ya barua elfu arobaini za utapeli, zote zikisubiri kutoka kwa jina letu. Kuifuta foleni kulichukua saa moja. Kurudisha imani ya seva za wenzetu kulichukua wiki tatu, na muda huo wote ankara zetu zilikuwa zikiangukia kwenye barua taka.

Mara zote mbili tulihesabu bei ya programu, tukasahau kuhesabu watu: wanaoandika barua, na wanaoichunga seva.

Mwambie mwenyekiti kwamba programu huria si mchezo wa vijana. Postfix iliandikwa na Wietse Venema akiwa mtafiti wa IBM, ikatolewa 1998. Na kulipa si kinga ya kuachwa njiani: seva za barua za Microsoft, Exchange 2016 na 2019, zilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na anayetaka kubaki na Exchange kwenye seva yake sasa anaingia kwenye malipo ya kila mara. Kuhusu usalama, Exim, seva nyingine ya barua ambayo ni huria, ilishambuliwa 2019. Exchange ikashambuliwa 2021. Waliochelewa kuweka masahihisho ndio walioumia zaidi.

Nawe mwanangu, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za wakulima zikivuja na kuwaweka hatarini, chama kina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Saa hizo hazimngoji aliyeenda mazishini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chama kikikubali kumfundisha mtu wa pili, na kununua betri ya kushikilia seva stima ikipotea, chukua Postfix na Dovecot. Hifadhi barua kwa mtindo wa Maildir, kila barua faili lake, ili siku ya kuhama muhame nazo. Wakikataa, lipieni kampuni iwachungie seva, wala usione haya. Kwa vyovyote vile, jina la kikoa la .co.ke liandikishwe kwa chama, si kwako wala kwa muuzaji.

Jumamosi njoo na ile kompyuta yako ya zamani. Tutaweka seva ya majaribio, tutume barua, tuzifute zote, kisha tuzirudishe kutoka kwenye nakala ya akiba. Mlete na huyo mwenzako atakayeishika seva usipokuwepo. Ukikosa wa kuja naye, utakuwa umeshapata jibu la kumpelekea mwenyekiti.

Ni mimi,
Mjomba wako