Noah iliyoinuliwa na waranti ya mdomo

Huku Kibiti Noah haibaki kama ilivyotoka Japani. Ikishapita mikononi mwa mtu mmoja au wawili utakuta springi za nyuma zimeongezwa, tairi ni kubwa, na chini limechomelewa bamba la chuma la kukinga injini. Si mapambo. Njia za kuteremkia deltani, mvua zikishika, humeza gari la chini, na mama yangu anaishi upande wa Nyamisati.

Ndiyo maana fedha za korosho zilipoingia, mimi na baba watoto tulitafuta Noah iliyokwisha kuinuliwa. Tuna watoto wanne na wa mwisho ana pumu. Kumkimbiza hospitali usiku kwa bodaboda, mvua inanyesha, mzazi mwenzangu unaijua adha yake.

Tuliipata yadi moja Dar es Salaam kwa Sh11 milioni. "Ina waranti ya miezi mitatu, mama," alisema muuzaji. Waranti ya nini? "Ya gari zima." Nikamwomba aandike. Alipoandika ikawa injini na gia boksi tu, na chini yake mstari mmoja: haihusu sehemu yoyote iliyobadilishwa.

Fundi tuliyetoka naye Kibiti alikuwa ameshainua mazulia kutafuta tope (tangu mafuriko ya 2024 ndicho kitu cha kwanza tunachokagua huku) na gari lilikuwa safi. Ila namba ya injini haikuwa ile ya kwenye kadi. Kwa hiyo injini yenyewe ni sehemu iliyobadilishwa! Waranti ikabaki ya gia boksi peke yake.

Baba watoto alitaka tuondoke. Mimi nililipenda gari, nikataka karatasi ibadilike. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara mapema kwamba bidhaa ataitumia kwa kazi gani, akategemea ujuzi wake. Ukinunua kwa mtu anayeuza gari lake mwenyewe, kinga hiyo usiitegemee. Basi tukaandika: gari litabeba watu wanane kwenye barabara za matope za Kibiti. Injini itajwe kwa namba yake. Springi zilizoongezwa zitajwe, na zikikatika yadi izirudishie. Injini iingizwe kwenye kadi TRA kwa gharama yake, na hadi hapo Sh2 milioni zinabaki kwetu.

Tairi alikataa katakata kuziandika. Hapo sikumlaumu, anayezipitisha kwenye visiki ni mimi.

Alinuna siku mbili, kisha akapiga simu. Kampuni ya bima nayo tuliiambia wazi kwamba gari limeinuliwa na injini si ya kwanza. Ukificha jambo kama hilo, siku ya ajali ndilo litakalotolewa kuwa sababu ya kutokukulipa.

Wiki ya saba springi ya kushoto ilikatika, watoto wote wakiwa ndani. Tulikuwa mwendo wa pole, hakuumia mtu. Nilimtumia muuzaji picha ya mkataba kwanza, ya springi ikafuata. Hakubisha. Fundi wake alifika Kibiti keshokutwa yake na springi mbili mpya, maana alisema ya kulia nayo ilikuwa imeanza ufa. Nauli ya fundi huyo muuzaji aliinung'unikia sana kwenye simu, lakini alilipa.