Kazi ya Seva Haijaisha Mpaka Uizime

Niko na msimamo mmoja ambao mafundi wengine hapa Bondo hawaupendi: kama hujazima seva na kuiwasha tena mbele ya mwenye saiba, usiombe malipo. Bado hujamaliza.

Sikiza kwa nini. Sheria za iptables ukiziandika zinaanza kazi saa hiyo hiyo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Zinakaa kwenye memori tu. Stima ikipotea, zote zimeenda. Squid nayo, ukiiwasha kwa `systemctl start` peke yake, haijaambiwa iamke yenyewe kesho.

Sasa angalia tofauti. Proksi isiporudi, wateja watapiga kelele mara moja, browsa zote zimekwama. Lakini fayawoli isiporudi, mara nyingi hakuna atakayesema kitu. Milango uliyofunga iko wazi, na mwanafunzi wa JOOUST amekaa hapo anajaza fomu ya HELB na nambari yake ya kitambulisho. Hicho kimya ndicho kinaniogopesha.

Na dawa si ngumu. Kwa Debian ama Ubuntu:

1. Proksi: `sudo systemctl enable --now squid`
2. Fayawoli: `sudo apt install iptables-persistent`. Kila ukibadilisha sheria, piga `sudo netfilter-persistent save`. Zitaandikwa kwenye `/etc/iptables/rules.v4`.
3. Kama seva inapitishia mashine zingine intaneti, andika `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye faili ya `.conf` ndani ya `/etc/sysctl.d/`.

Halafu `sudo reboot`. Ikiamka, `sudo iptables -S` ikuonyeshe sheria zako, na `systemctl status squid` iseme iko hai. Hapo sasa umefanya kazi.

Kuna wale husema, "Omera, si wanunue tu UPS?" Sawa, UPS ni nzuri, lakini inakupa dakika za kuzima mashine vizuri. Haikupi kumbukumbu. Na hata stima isipopotea, kaneli mpya itakulazimu ku-reboot siku moja.

Wenye saiba, hii ni yenu. Tarehe 30 Juni, watu wamejaa mlangoni na ritani za KRA, si siku ya kugundua seva yako husahau. Kabla hujatuma M-Pesa, mwambie fundi azime. Akianza kujikuna kichwa, umepata jibu.