Kibodi moja tu, Sindeni nzima

Jamani wadau, nimerudi. Najua nimepotea hapa kijiweni muda mrefu mpaka wengine mkaanza kusema nimeolewa huko Handeni. Sijaolewa bwana. Nilikuwa TP, sekondari moja pale Sindeni, nafundisha Jiografia kidato cha pili na Kiswahili kidato cha tatu. Habari za vumbi na foleni ya ndoo za maji nitawaletea siku nyingine. Leo nataka kuungama.

Shule ile ina kompyuta tisa za msaada na intaneti ya kifurushi ambacho ofisi inakipima kama sukari ya Ramadhani. Kwa hiyo mwalimu mmoja aliyenitangulia alijaza Wikipedia ya Kiswahili, vitabu na mitihani ya zamani kwenye kompyuta nyingine kuukuu, ikawa ndiyo seva, ili wanafunzi wasome bila kula kifurushi. Safi kabisa. Shida ilikuwa kuifikia. Lazima mtoto aandike 192.168.1.10. Kipindi ni dakika arobaini, dakika kumi na tano zinaishia kwenye namba. Huyu kasahau nukta, huyu kaweka mkato, yule kaandika 198. "Madam, yangu imegoma!" Madam nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nikajiuliza, kwani hawawezi kuandika jina tu? Hapo ndipo nilipoingia kwenye mambo ya DNS, mimi wa Ualimu nisiyejua hata kufungua kasha la kompyuta.

Kwa wenzangu wa Ualimu: kompyuta zinatafutana kwa namba, sisi tunakumbuka majina, na DNS ndiyo inayotafsiri. Zamani majina yote yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa Stanford Research Institute kule California, kila mwenye kompyuta anachukua nakala. Mtandao ulipokua faili likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta mpango wa kugawana kazi. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayejua yote. Ni kama serikali yetu. Unamtafuta mtu, unaanzia taifani, unaambiwa sisi hatumjui, nenda mkoani. Mkoa unakusukuma wilayani, wilaya kwenye kata, mpaka unafika kwa mwenyekiti wa kitongoji anayejua nyumba yenyewe. Ukitafuta udsm.ac.tz ni hivyo hivyo. Seva za mzizi zinakuelekeza kwa wanaotunza tz (iliyokabidhiwa Tanzania mwaka 1995), na wao wanakusogeza mbele mpaka umfikie mwenye jibu.

Sasa programu ya kazi hii inaitwa BIND, ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, na kuipangia mambo kwa mkono ni kuandika mafaili kwenye ile skrini nyeusi. Mimi skrini nyeusi naiogopa. Rafiki yangu mmoja wa Kompyuta akaniambia tumia Webmin. Hii ilianzishwa na Jamie Cameron mwaka 1997, na inakuwezesha kuiendesha seva kwa kubofya ndani ya brauza, kama unavyojaza fomu ya mkopo. Unaandika namba ya seva, nukta mbili, 10000, unaingia. Brauza inakuonya kama unaingia pangoni kwa majambazi, unaendelea tu maana seva ni yako.

Nilitaka jina la kujidai, sindeni.sc.tz, kwa vile sc.tz ni ya shule. Rafiki yangu akanipigia kelele kwenye simu: hilo ni jina la kusajiliwa, huwezi kujitwalia kama kiwanja cha marehemu! Akasema tumia internal, maana ICANN waliitenga mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani. Basi nikatengeneza zoni ya sindeni.internal, nikaongeza rekodi ya maktaba, nikahifadhi. Haikufanya kazi.

Jioni mbili nahangaika. Kumbe niliandika jina lote, maktaba.sindeni.internal, bila nukta mwishoni. Bila ile nukta BIND inadhani hujamaliza, inakubandikia zoni tena, jina linakuwa maktaba.sindeni.internal.sindeni.internal. Nukta moja! Nilipoiweka, likafunguka. Kesho yake kidato cha tatu wote walikuwa ndani ya maktaba kabla sijamaliza kufuta ubao. Nilijiona profesa.

Sasa uroho. Nikaingia kwenye rauta nikabadilisha ili mashine zote za shule, pamoja na za ofisini, ziulize majina kwa seva yangu. Hakuna aliyenituma. Na siku hiyo hiyo kompyuta moja ya wanafunzi kibodi yake ilikufa, nikachomoa ya seva nikaihamishia pale. Seva ina kazi gani na kibodi?

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika, ukarudi. Rauta ikawaka. Seva nayo ikajiwasha, halafu ikasimama kwenye maandishi meupe ikidai haioni kibodi, tafadhali bonyeza F1. Ubonyeze kwa kibodi ipi sasa?

Mimi niko darasani nafundisha mmomonyoko wa udongo. Mwalimu wa taaluma yuko ofisini na takwimu za shule zinazotakiwa wilayani kabla ya saa sita, na kila anachofungua kinagoma. Intaneti ilikuwepo, ila hakuna wa kuiambia jina lolote liko wapi. Akadhani kifurushi kimekwisha, akanunua kingine kwa hela yake. Wapi. Saa tano akaweka flashi mfukoni, akapanda bodaboda kwenda Handeni. Huyu ndiye anayenijazia fomu ya tathmini ya TP.

Nilijua wakati wa chai. Nilipoiona ile skrini, miguu ikaisha nguvu. Nikairudisha kibodi, nikabonyeza F1, dakika mbili kila kitu kikapona. Nilitamani mtu mwingine awe ndiye aliyeharibu.

Aliporudi saa tisa, mwekundu wa vumbi, nilimfuata. "Shikamoo mwalimu. Lile tatizo la asubuhi nililisababisha mimi." Nikamweleza yote, mpaka habari ya kibodi. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akauliza, "Na nani alikwambia uguse ya ofisi?" Sikuwa na jibu. Nikamlipa nauli na kifurushi kutoka kwenye boom iliyobaki, akapokea, akahesabu.

Jioni ile ile nikairudisha ofisi kama ilivyokuwa, nikabakiza seva yangu kwa zile mashine tisa tu, moja moja kwa mkono. Nikaingia pia kwenye mipangilio ya seva isidai kibodi ikiwaka. Na kanuni ya kuwa na seva mbili za majina, moja ikifa nyingine ijibu, nilikuwa nimeisoma kabisa, nikairuka kwa kuwa kompyuta ya pili sikuwa nayo.

Wiki ya mwisho kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: "Madam, sawa anauliza taifani, lakini hiyo taifani yenyewe anaijuaje iko wapi?" Nikamfungulia lile faili dogo ndani ya BIND lenye anwani za seva 13 za mzizi, kutoka A mpaka M. Akazinakili zote kwenye daftari.

Fomu yangu ameijaza, ameifunga kwenye bahasha na kuigonga muhuri. Mratibu anafungua Jumatano. Niombeeni.