Nilijifunza kukimbia pole ili nikimbie upesi

Mwalimu hushinda mbele ya ubao, na jioni huketi mezani na madaftari ya wanafunzi. Watu humheshimu kwa maneno yake. Hakuna amwulizaye kama miguu yake ina nguvu. Nami sikujiuliza neno hilo mpaka usiku mmoja wa majira ya mvua, hapa Lubumbashi, nilipokuwa na miaka 33.

Usiku ule mtoto wetu wa mwisho alishikwa na homa kali ya malaria, hata akaanza kutetemeka na kukaza macho. Mtaani hapakupita gari wala pikipiki. Nilimfunga katika kitenge, nikatoka mbio kuelekea hospitali, mwendo wa kilometa 2 hivi. Kabla sijaifikia barabara ya lami pumzi ilinikatika, magoti yakalegea, nikasimama matopeni nikihema. Mama watoto alikuwa akinifuata kwa hatua za haraka, lakini hakukimbia. Aliponifikia alinyosha mikono, akasema: «Baba Yosefu, nipe mtoto.» Akampokea, akaendelea kwa mwendo ule ule mpaka mlangoni pa hospitali. Mimi nilifika nyuma yake.

Mtoto alipona. Mke wangu hakunitajia jambo lile hata mara moja, lakini mimi sikuweza kulisahau.

Basi, nikaazimia kujizoeza mbio. Kutoka nyumbani kwetu mpaka shuleni na kurudi ni kilometa 3. Siku ya kwanza nilitumia dakika 27, nikisimama mara nne. Kesho yake nilikaza mwendo zaidi, na kesho kutwa vile vile, kila siku nikishindana na saa yangu. Wiki ya pili nilipata dakika 25, nikajisifu. Wiki ya tatu muundi wa mguu uliniuma hata nikafundisha nikiwa nimeketi. Nikapumzika, nikaanza tena kwa ukali ule ule, na maumivu yakarudi. Nikasema moyoni: mbio si kazi ya mwalimu.

Mwenzangu afundishaye michezo aliponiona nikichechemea aliniuliza habari, nami nikamweleza yote. Akacheka, akasema: «Ndugu mwalimu, wewe kila siku unafanya mtihani. Somo lenyewe unajifunza lini?»

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ndilo kosa ninalowaonya wanafunzi wangu. Kisha akanieleza taratibu. Mtu akikimbia kwa wepesi, tena mara kwa mara, moyo wake huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Mifupa na kano za miguu huchelewa zaidi kupata nguvu. Ndiyo maana pumzi huweza kuwa tayari wakati mguu bado. Anayeanza kwa pupa huumia kabla mwili haujapata nafasi ya kujijenga.

Kipimo alichonipa hakihitaji saa: ukimbie kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ikikatika, punguza, au tembea kidogo. Mimi nilichagua jedwali la kuzidisha. «Saba mara sita, arobaini na mbili, saba mara saba, arobaini na tisa.» Watoto wanaokwenda shule walinicheka kwanza, halafu wakaanza kunijibu. Nilikimbia hivyo mara 3 kwa wiki, nikiacha siku ya kupumzika katikati, wala sikutazama saa kwa miezi 2.

Baada ya hapo tu aliniruhusu kujizoeza mwendo wa kasi, siku 1 kwa wiki. Nilianza na dakika 10 za pole ili mwili upate joto. Kisha dakika 1 ya kasi, dakika 2 za kutembea; hivyo mara 6, na mwishowe dakika 10 za pole tena. Sharti lilikuwa moja: mara ya sita isipungue kuliko ya kwanza. Ikipungua, ujue ulianza kwa kiburi. Alinionya pia nisirushe miguu mbali mbele, bali hatua ziwe fupi na nyepesi.

Wala hii si njia ya wanyonge. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alijizoeza kwa kurudia meta 400 mara nyingi sana, akikimbia pole katikati. Mwaka 1952 huko Helsinki alishinda meta 5,000, meta 10,000 na maratoni. Eliud Kipchoge wa Kenya alimaliza maratoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, maana yake chini ya dakika 3 kwa kila kilometa. Lakini sehemu kubwa ya mazoezi yake huko Kaptagat aliikimbia kwa mwendo mwepesi kuliko huo.

Mwezi wa tatu kilometa zangu 3 zilichukua dakika 21 bila kusimama. Mwezi wa sita zilichukua 18. Kijana yeyote wa mtaa huu angenipita, nami sioni haya.

Ndugu mzazi, ukitaka kuanza, na hasa ikiwa kifua hukuuma au umri umesogea, mwone daktari kwanza. Kisha anza pole kuliko unavyotamani, na usiongeze mpaka mwili uzoee.

Mara nyingi nikikimbia alfajiri nauwaza usiku ule. Nilidhani nilishindwa kwa sababu sikuwa na kasi. Kumbe niliondoka kwa kasi ambayo sikuweza kuidumisha, na mama watoto, azoeaye kila siku kubeba maji kutoka kisimani, alijua mwendo wake. Mbele yangu alikuwapo mwalimu, nami sikumtambua.