Anadaiwa na nani?

Jamani, leo nataka tuongee kuhusu neno moja tu la Kiingereza, "allegedly". Najua mmelisikia BBC na CNN mpaka mmechoka. Ukifungua kamusi unaambiwa ni jambo linalosemwa bila kuthibitishwa, basi. Maana yake unaipata kwa dakika moja. Matumizi yake ndiyo yaliyonichukua muda.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja, mhariri wa pale nilipoanzia kazi. Jina lake naliacha, hapendi kuandikwa (waandishi wa habari tuko hivyo, tunaandika wenzetu tu). Kila akikuta "inadaiwa" kwenye habari, alikuwa anaizungushia duara la kalamu nyekundu na pembeni anaandika: "Na nani?" Ukimpelekea habari ya Kiingereza yenye "allegedly", duara lile lile, swali lile lile.

Mantiki yake ni kwamba dai halijitungi lenyewe, kuna mtu kasema. Ni polisi? Ni hati ya mashtaka iliyosomwa mahakamani? Au ni jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja? Msomaji akijua aliyesema, anaweza kupima mwenyewe. Asipojua, neno hili linakuwa kama chumvi tu, unanyunyizia uvumi halafu unauita habari. Na wale wanaodhani ni kinga, poleni. Ukirudia kashfa ya mwenzako na wewe umekashifu, hakimu hakuachii kwa sababu tu uliweka "inadaiwa" mbele.

Halafu kuna suala la mahali pa kuliweka. Linakaa kwenye kile ambacho hakijathibitika, si kwingine. Mwili uko mochwari, huwezi kuandika "alleged death". Kifo kipo. Kinachodaiwa ni nani kaua na kwa nini. Vivyo hivyo mtu akikamatwa, kukamatwa si dai, wizi ndio dai. Mahakama ikishamtia hatiani, neno linaondoka.

Kwetu maneno ya aina hii ni mengi: anashukiwa, anatuhumiwa, anadaiwa, anadhaniwa, anasadikiwa. Tatizo tunayatumia kama vile yote ni kitu kimoja. Anayeshukiwa, kuna mtu ana wasiwasi naye tu. Anayetuhumiwa ameshanyooshewa kidole. Anayeshtakiwa ana kesi, ina namba yake. Linalonikera kuliko yote ni "anasadikiwa". Kusadiki si kuamini? Sasa soma hii, ambayo kila mmoja wetu ameshaisoma: "Mtu anayesadikiwa kuwa kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Nani alisadiki? Hao hao waliomuua! Na marehemu hana nafasi ya kujibu.

"Anadaiwa" nalo lina vituko vyake. Siku moja nilimsomea bibi yangu habari ya kiongozi wa ushirika anayedaiwa kutafuna fedha za wakulima. Akaniuliza, "Anadaiwa shilingi ngapi?"

Msije mkadhani haya ni mambo ya sarufi tu. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa kwa risasi Dar es Salaam. Polisi walitangaza kwamba ni majambazi, wameuawa katika majibizano ya risasi. Kelele zikapigwa, Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na ikabainika kuwa watu wale hawakuwa majambazi. Walikamatwa Sinza wakiwa hai, wakaenda kuuawa katika msitu wa Pande. Polisi walishtakiwa. Mahakama Kuu iliwaachia huru mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao.

Sasa jiweke Mahenge siku zile za mwanzo. Mumeo kaenda mjini kuuza madini, hujamzika bado, na tayari anaitwa jambazi. Mwandishi akiandika "polisi wanadai ni majambazi", mtu hafufuki. Lakini angalau mjane anajua kwamba hiyo ni kauli ya polisi, na kauli inaweza kubishiwa. Akiandika "majambazi wanne wauawa", mjane abishane na nani? Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Wale hata kushtakiwa hawakushtakiwa.

Kuna sehemu moja ambayo bado inanisumbua. Mwanamke amekwenda kituoni kuripoti kwamba amebakwa. Waingereza huandika "alleged victim". Nikiandika "anayedaiwa kubakwa", naona kama nimemgeuzia kibao, kana kwamba yeye ndiye anayeshukiwa. Nikiandika "mhanga", nimeshamhukumu aliyetajwa. "Mwathirika" ndiyo kabisa, mtu atafikiria ukimwi. Kwa sasa naandika "mlalamikaji". Ni neno la baridi, linanuka karatasi za mahakamani, na mtu aliyepitia jambo lile hakwenda pale kulalamika kama aliyechelewesewa mshahara.

Wewe ungeandikaje?