Temeke ya Majini

Mtu akiitaja Temeke, wengi hukumbuka viwanda vya Chang'ombe, mabasi ya Mbagala na malori ya Kurasini. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Temeke ina njia yake ya kwenda baharini. Kule Mtoni Kijichi nyumba hukoma, mikoko ikaanza, na maji ya chumvi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku.

Huko, ndugu msomaji, siku hizi dira ina mwenzake: simu ya mkononi yenye programu ya kupanga safari za majini. Kijana wa mashua huigusa ramani mahali anapotaka kupita, akaweka nukta na kuipa jina. Nukta zikiunganishwa, programu hueleza umbali, uelekeo na muda wa safari. Simu hutambua ilipo kwa ishara za setilaiti zisizopungua nne, zilizo juu kwa zaidi ya kilometa 20,000, hata pasipo na mtandao. Lakini tarakimu zataka uangalifu: kosa la dakika moja tu ya latitudo ni karibu mita 1,850.

Tuliondoka maji yamejaa. Tukapita chini ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 kuunganisha Kurasini na Kigamboni, kisha kando ya meli zilizofunga gatini, tukatokea kwenye mlango mwembamba wa bandari. Mbele yetu ulisimama mnara wa taa wa Makatumbe. Kwenye simu, mstari wa kwenda visiwa vya Sinda ulinyooka kama uzi. Nahodha, mzee aliyekaa tezi na usukani wake, aliutazama akatabasamu.

"Mwanangu, hiyo imekuonyesha mahali. Kina cha maji tutakachokikuta hapo haijakuambia."

Alikuwa na haki. Wakati wa bamvua, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Mwamba uliopitika asubuhi waweza kuchomoza mgongo alasiri.

Mzee hutumia alama za nchi kavu. Vitu viwili vikifuatana machoni, kimoja kikakifunika kingine, hupata mstari; mstari huo ukikatana na mwingine wa namna hiyo, hapo ndipo penye samaki. Hata hivyo alama hizo nazo zinakufa. Mwembe mmoja wa Kigamboni, uliomwongoza tangu ujana, ulikatwa kupisha nyumba. Kwa bahati kijana alikwisha kuweka nukta ya mahali pale mti ungali umesimama. Mzee alisita sana kumruhusu, nami namwelewa: mwenye tarakimu hizo ndiye mwenye samaki, na simu huibwa.

Kabla ya kuondoka, kijana hupeleka mpango wa safari kwenye simu ya mama yake nyumbani: nukta zote kwa mfuatano, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, mama huteremka pwani kuuliza, akijua msako uanzie wapi. Nukta ya tatu katika orodha yake inaitwa Mwembe.